Kubana Matumizi na Kupunguza Upotevu wa Chakula Jikoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Kaya za Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya kaya za Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema, Ukerewe na sehemu nyingine za mwambao, ambako samaki hupatikana kila siku, mchele na mahindi huvunwa karibu, na mkaa bado ndio nishati ya jikoni kwa watu wengi. Ushauri uliotolewa kwa miji ya mbali hauwafai sana wakazi wa huku, kwa sababu hali ya kupata chakula kando ya ziwa ina utaratibu wake.

Nianzie wapi ikiwa sijui fedha za jikoni zinaishia wapi?

Anza na daftari na ndoo ya taka kabla ya kubadili jambo lolote. Kwa wiki mbili, andika kila shilingi inayotoka kwa ajili ya chakula, mkaa, gesi na viungo, pamoja na zile fedha ndogondogo za nyanya na vitunguu vya gengeni ambazo ikifika jioni hakuna anayezikumbuka. Kila usiku andika pia kilichotupwa na sababu yake: kiliharibika kabla ya kupikwa, kilipikwa kikazidi mahitaji, au kilibaki kwenye sahani. Sababu hizo tatu zina tiba tofauti, na kaya nyingi hujilaumu kwa ile isiyo yao, kwa mfano kuwagombeza watoto kwa kubakiza chakula wakati hasara kubwa ni mboga zinazonyauka kwenye kapu tangu siku ya soko.

Tatizo hili si la huku pekee. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 takribani tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani kutoka majumbani, migahawani na madukani, na kwamba asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani.

Je, ni kweli kwamba kununua kwa jumla ni nafuu siku zote?

Si kweli, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hupotea. Kununua kwa jumla ni nafuu kwa kitu kinachokaa. Kwa kitu kinachooza, nafuu ya bei humezwa na kile kinachotupwa. Kisado cha nyanya kinaweza kuwa na bei nzuri kuliko mafungu, lakini ikiwa robo yake itaoza kabla hujaitumia, hesabu imegeuka. Kwa hiyo, kinachooza kinunuliwe kidogo na mara kwa mara, na kinachokaa kinunuliwe kwa msimu wake. Mkazi wa Mwanza ana bahati ya kuweza kufuata kanuni hiyo bila taabu, kwa kuwa samaki na mboga za majani huingia sokoni kila siku, na mikoa ya Shinyanga na Geita, pamoja na wilaya za Magu, Misungwi na Sengerema, huleta mpunga na mahindi mengi baada ya mavuno.

Mchele na mahindi hununuliwa vizuri zaidi katika miezi inayofuata mavuno, yaani kuanzia katikati ya mwaka, kabla bei haijaanza kupanda kuelekea mvua za mwisho wa mwaka. Ikiwa gunia zima ni zito kwa mfuko wa kaya moja, majirani watatu au wanne wanaweza kulinunua pamoja na kuligawana kwa mizani. Sisitiza mizani kila unapoweza. Gunia la lumbesa, debe lililobonyea na kopo lenye kitako kilichoinuliwa huifanya bei isiwe na maana, na huwezi kulinganisha wauzaji wawili ikiwa hujui kilo moja inakugharimu kiasi gani kwa kila mmoja wao.

Nihifadhi vipi nafaka nilizonunua kwa msimu zisiliwe na wadudu?

Nafaka ikaushwe sawasawa kabla ya kuhifadhiwa. Mahindi yanayofaa kuhifadhiwa yana unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nyumbani, punje iliyokauka huvunjika kwa mlio mkavu inapong'atwa, haibonyei. Yaanike juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu, kisha yapepete kwa ungo ili punje zilizovunjika na vumbi vitoke, kwa sababu huko ndiko wadudu huanzia.

Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Scania, aligunduliwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo amekuwa adui mkubwa wa ghala la mahindi. Njia isiyo na sumu inayomshinda ni mifuko ya tabaka tatu, inayofahamika kama kinga njaa: tabaka mbili za ndani hufungwa moja baada ya nyingine bila kuacha hewa, hewa iliyobaki huishiwa oksijeni, na wadudu walio ndani hufa. Mfuko huo ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, lakini hutumika kwa zaidi ya msimu mmoja ikiwa haujatobolewa. Usiufungue kila siku ili kuchota. Toa ya wiki kadhaa uweke kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha ufunge tena. Mchele na maharage pia hukaa vizuri ndani yake. Unga haufai kuhifadhiwa muda mrefu, hasa dona, kwa kuwa mafuta ya kiini chake huchacha. Ni afadhali kuhifadhi mahindi na kusaga kidogo kidogo.

Nafaka au karanga zilizoota ukungu zisiliwe, hata kama moyo unauma kuzitupa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kukoboa kikamilifu, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mabaki hayo asipewe pia ng'ombe wa maziwa wala kuku, kwani sumu hiyo humfikia mlaji kupitia kwao. Kupunguza upotevu hakujawahi kumaanisha kula kinachodhuru.

Sato au sangara: ni yupi anayemfaa mtu anayebana matumizi?

Swali lenye faida zaidi ni kama unanunua samaki mzima au minofu. Minofu ya sato huwa takribani theluthi moja tu ya uzito wa samaki mzima, na ya sangara haifiki nusu. Maana yake ni kwamba anayenunua minofu hulipia kazi ya kuchakata, kisha anakosa kichwa, mifupa na mafuta, ambavyo ndivyo vinavyotoa supu. Mnunue mzima, mwombe muuzaji amparue magamba na kumtoa matumbo, kisha upike kichwa na mkia siku moja kwa mchuzi na vipande vya katikati siku hiyohiyo jioni, au vikaangwe kwa ajili ya kesho.

Sangara ana faida ambayo wapishi wa huku wanaijua vizuri: mafuta ya tumboni mwake. Yakate vipande vidogo, yaweke kwenye sufuria yenye moto mdogo bila kuongeza chochote, na yatayeyuka na kutosha kukaangia kitunguu na nyanya za mchuzi wake mwenyewe. Siku hiyo huhitaji kuchota mafuta ya pamba wala ya alizeti.

Kuhusu muda, wahi asubuhi. Samaki aliyekaa juani tangu alfajiri huwa ameanza kuharibika kufikia mchana, na bei ya jioni inayoshuka ghafla ina sababu yake. Tazama macho yaliyotuna na kung'aa, mashavu mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Usinunue sangara mdogo chini ya sentimita 50. Sheria hairuhusu kuvuliwa kwake, na kila anayemnunua anaipunguzia kaya yake mwenyewe samaki wa mwaka ujao.

Vichwa vya sangara na mapanki (mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa) vina lishe, au ni chakula cha kukosa cha kufanya?

Vina lishe, na dharau inayovizunguka haina msingi. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea Mwanza katika miaka ya 1990, minofu imekuwa ikisafirishwa nje na mapanki yamebaki kwa walaji wa ndani. Nyama iliyobaki kwenye uti wa mgongo na mashavuni ni ileile iliyosafirishwa, na kichwa kikichemshwa polepole pamoja na kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu hutoa supu nzito inayotosha kulia ugali kwa familia nzima.

Kinachopaswa kuangaliwa ni usafi. Mapanki hukaa nje ya barafu muda mrefu kuliko minofu, kwa hiyo nunua yale yaliyotoka kiwandani asubuhi ileile, yapike mara yanapofika nyumbani, na yakatae ikiwa yana harufu kali au utelezi. Yaliyokaangwa kwa mafuta meusi barabarani ni nafuu kwa bei tu.

Kwa nini bei ya dagaa hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na ninunue lini?

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za betri na za sola, na dagaa hukusanyika kwenye mwanga huo. Siku za mbalamwezi mwanga wa taa hauwavuti tena, mitumbwi mingi hupumzika, na mzigo hupungua. Siku za giza mzigo hurudi. Kwa hiyo anayetaka dagaa wa mwezi mzima anunue wakati wa giza, baada ya dagaa kuanikwa na kukauka, na si wakati mwezi umejaa. Msimu wa mvua huleta tatizo jingine: dagaa hawakauki vizuri, wengi huharibika na kuishia kuwa chakula cha mifugo, na wazuri hupanda bei. Nunua akiba yako katika miezi mikavu ya katikati ya mwaka.

Soko la Mwaloni, Kirumba, ndilo linalojulikana zaidi kwa dagaa na samaki wakavu, na wafanyabiashara wa mikoa mingine hufuata mzigo hapo. Kabla ya kulipa, chota kiganjani na utazame. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha, ni mzima, huvunjika kwa ukavu na ana harufu ya samaki, si ya mafuta yaliyochacha. Akiwa amegeuka rangi ya kahawia au mwekundu, ameharibika. Uliza pia alianikwa wapi. Aliyeanikwa mchangani ni wa bei ya chini, lakini sehemu ya uzito unaoulipia ni mchanga, na kumsafisha kunamaliza maji na muda; aliyeanikwa kwenye vichanja vya wavu hugharimu zaidi kidogo na karibu wote anaingia sufuriani. Kwa maoni yangu wa vichanja ndiye wa bei nafuu, ukihesabu mpaka mwisho.

Ukifika nyumbani, mwanike tena kwa saa chache, mwache apoe, kisha mweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, mbali na mwanga, kwa sababu mafuta yake huchacha upesi. Wale waliovunjikavunjika chini ya chombo wasitupwe. Wakaange bila mafuta mpaka wawe wakavu kabisa, watwange, wachekeche, na unga huo uutumie kwenye mchuzi wa mboga za majani au kwenye uji wa mtoto aliyeanza kula. Mifupa yao laini ina madini ya chokaa kwa wingi.

Sina friji. Nifanye nini ili samaki na mboga visiharibike?

Panga manunuzi ili usihitaji friji, na utakapokosa namna, tumia njia za zamani. Samaki mbichi anayepaswa kusubiri mpaka jioni akae kwenye barafu: kwa hali ya joto ya huku, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ndani ya ndoo au boksi lenye kifuniko, matumbo yakiwa yameshatolewa, na maji yanayoyeyuka yaachiwe njia ya kutoka. Akipaswa kusubiri mpaka kesho, mkaange au mbanike mpaka akauke, umhifadhi penye hewa akiwa amefunikwa kwa wavu, na kabla ya kuliwa achemshwe upya kwenye mchuzi. Kumpasua, kumtia chumvi nyingi na kumwanika kunafaa kwa siku nyingi zaidi.

Mboga za majani zifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu, au mashina yake yasimamishwe kwenye maji machache, mahali pa kivuli. Usizioshe mpaka wakati wa kupika. Vitunguu na viazi visikae kapu moja, kwani vikikaa pamoja huharibiana. Kila kimoja kipate hewa na giza lake. Nyanya zikae zikiwa zimetandazwa, kikonyo kikiangalia chini, na iliyobonyea iliwe kwanza.

Wapo wanaotumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni. Maji yanapokauka kupitia chungu cha nje hupoza cha ndani. Hufanya kazi vizuri kuanzia Juni hadi Agosti hewa inapokuwa kavu, na vibaya wakati wa mvua. Ni kwa ajili ya mboga na matunda, si kwa samaki wala nyama.

Mboga na nyanya zikishuka bei sana, nawezaje kuzitunza kwa ajili ya miezi ya ukame?

Wasukuma walilijibu swali hili zamani. Viazi vitamu hukatwa vipande vyembamba na kukaushwa vikiwa vibichi kuwa michembe, au huchemshwa kwanza kisha kukaushwa kuwa matobolwa, na vyote hukaa kwa miezi. Majani ya kunde hukaushwa na kuitwa nsansa, ambayo hupikwa kwa karanga zilizotwangwa. Vyakula hivi vinazidi kupungua mezani mwa kaya za mjini, na ninasikitika kuona hivyo, kwa sababu kaya inayovitunza haishikwi na bei za mboga za kiangazi.

Majani yatumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, yachujwe, na yaanikwe kivulini penye upepo au chini ya kitambaa chepesi, kwa kuwa jua kali huondoa vitamini na rangi. Nyanya zikatwe vipande vyembamba, zinyunyiziwe chumvi kidogo na zianikwe mpaka ziwe kama ngozi. Kuzichemsha mpaka ziwe nzito pia kunafaa, lakini zinamaliza mkaa. Fanya hivyo ukiwa tayari una jiko linalowaka kwa kazi nyingine.

Kiporo ni salama kwa muda gani?

Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Ama kiwekwe mahali penye ubaridi wa kweli, ama kibaki moto sana, ama kiliwe. Kikipashwa, kichemke mpaka katikati, na kisipashwe zaidi ya mara moja, isipokuwa maharage, ambayo yana utaratibu wake hapa chini.

Wali unahitaji uangalifu wa pekee. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hubaki hai baada ya wali kuiva. Wali ukiachwa nje usiku kucha, vijidudu hivyo huzaliana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha. Najua kwamba wali wa jana kwa chai ya asubuhi ni mazoea ya nyumba nyingi. Mwenye friji aupooze haraka kwenye sinia pana na kuuweka ndani mara moja. Asiye na friji ninamshauri apike kiasi kinacholiwa siku hiyo. Kilo moja ya mchele, pamoja na mboga ya kutosha, hutosha watu sita hadi wanane. Ukishajua kikombe chako cha kupimia hutosha watu wangapi, tatizo la kiporo cha wali hupungua sana.

Maharage yaliyobaki usiku yachemshwe upya kabla ya kulala, yafunikwe yakiwa yanatokota bila kufunuliwa, na yachemshwe tena asubuhi. Yakitoa povu au uchachu, yamwagwe.

Mkaa, gesi au umeme: ni kipi kinachopunguza gharama kweli?

Nitalijibu swali hili kwa hesabu, kwa kuwa limejaa hisia nyingi. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya joto ya takribani megajuli 48, na jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu yake kwenye sufuria. Kilo moja ya mkaa ina takribani megajuli 29, lakini jiko la kawaida la bati hufikisha sehemu moja kati ya tano tu, na jiko banifu lenye udongo ndani hufikisha karibu asilimia 30. Ukizidisha, mtungi wa gesi wa kilo 6 hufanya kazi sawa na kilo 27 hivi za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo 18 kwenye jiko banifu. Chukua bei ya kujaza mtungi mtaani kwako, upime kilo za mkaa unaonunua, na ulinganishe mwenyewe. Anayenunua mkaa kwa kopo karibu kila siku ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilo, na mara nyingi atakuta gesi imeshamshinda. Kinachomzuia ni kupata fedha za mtungi kwa mkupuo mmoja. Kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kinaweza kumvusha hapo.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Sababu yake si misitu pekee, ingawa tanuri la kienyeji humaliza kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Ni pia mapafu ya mama na watoto wanaokaa karibu na moshi. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumba kilichofungwa, hata likiwa halitoi moshi, kwa sababu hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki.

Maharage ndiyo yanayomaliza nishati nyingi kuliko chakula kingine, na huku yanakaidi zaidi kidogo: uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Yaloweke usiku kucha na umwage maji yake. Jiko la presha la umeme huyaivisha kwa chini ya uniti moja ya LUKU, na kwa chakula hicho hakuna nishati ninayoijua iliyo nafuu zaidi. Asiye nalo atumie kapu: chemsha maharage kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi, kisha endelea kwa nusu saa, funika, na utumbukize sufuria ikiwa moto ndani ya kapu lililojazwa vitambaa, pamba au nyasi kavu pande zote, juu na chini. Baada ya saa kadhaa yatakuwa yameiva au yanahitaji moto mdogo wa kumalizia. Zile dakika kumi za mwanzo zisirukwe, maana maharage mekundu yasiyochemshwa vizuri huumiza tumbo.

Zaidi ya hapo, funika sufuria kila wakati, pasua mkaa uwe vipande vinavyolingana, na uzime mkaa uliobaki kwa kuufunika ndani ya chungu kisichopitisha hewa, si kwa kuumwagia maji.

Je, mafuta ya kukaangia yanaweza kutumika tena?

Yanaweza, mara mbili au tatu, yakichujwa yakiwa yamepoa na kuhifadhiwa gizani kwenye chupa yenye kifuniko. Yaliyokaangia samaki yakaangie samaki. Yakiwa meusi, mazito, yenye povu au yanayotoa moshi mapema, basi, yaondolewe. Yasimwagwe kwenye sinki wala mtaroni. Yamwage kwenye majivu au pumba, kisha uyatupe pamoja na taka.

Maganda na mabaki nifanye nayo nini, hasa kwenye nyumba ya kupanga?

Kabla ya kufikiria mboji, angalia kama ni taka kweli. Majani ya maboga, ya kunde na ya viazi vitamu ni mboga. Mashina laini ya mchicha hupikwa yakikatwa vidogo. Maganda ya ndizi, viazi na muhogo uliokauka huwafaa mbuzi, na karibu kila mtaa wa pembeni mwa mji una mfugaji anayeyahitaji. Zungumza naye, wengine hurudisha fadhila kwa samadi au mayai.

Mwenye kiwanja achimbe shimo la kina cha goti, apange maganda, majani makavu na udongo kwa tabaka, anyunyize maji na kugeuza kila baada ya wiki mbili. Mboji huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu. Nyama na matumbo ya samaki yasitiwe humo, kwa sababu huwaita mbwa na nzi. Yafukiwe kwa kina chini ya mche wa mpapai au mgomba. Kwa wale wanaoishi kwenye vilima vya mawe vya Mabatini, Igogo au Bugando, ambako udongo ni haba, gunia lililojazwa udongo na mboji, katikati kukiwa na mnara wa kokoto wa kupitishia maji, huotesha mchicha, sukuma wiki na vitunguu vya majani kwenye kibaraza. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kulimwagilia.

Nitumie nini badala ya mifuko ya plastiki nikienda sokoni?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu cha ukindu hudumu kwa miaka, huruhusu mboga kupumua, na kwa samaki beba ndoo ndogo yenye mfuniko. Nenda pia na chupa yako ya mafuta badala ya kununua yaliyofungwa kwenye vifuko.

Tunapika jiko moja wapangaji kadhaa. Je, tunaweza kubana matumizi kwa pamoja?

Mnaweza, na kwa maoni yangu nyumba za namna hii zina nafasi kubwa zaidi kuliko nyumba ya mtu mmoja, mradi mkubaliane mapema kwa uwazi. Kitu cha kuanzia ni maharage: mpangaji mmoja achemshe ya wote yatakayoliwa kwa siku mbili, kila kaya ichangie kwa kipimo na kuchukua yake, na kila mmoja ayaunge kwa viungo vyake. Moto uliokuwa ukiwashwa mara nne unawashwa mara moja. Gunia la mkaa au la mchele linunuliwe kwa pamoja na kugawanywa siku hiyohiyo kwa mizani mbele ya wote, kila mtu akifunga na kutunza fungu lake, kwa sababu akiba iliyoachwa mahali pa wote huzaa manung'uniko. Samaki msimchanganye, kila kaya imnunue wake, maana ladha na uwezo hutofautiana. Chagueni mtu mmoja wa kushika daftari la michango, na zamu hiyo ibadilike kila mwezi.